Mashubaka ya Karatasi

Hayati binti Idarousse alizaliwa Mutsamudu, katika nyumba ambayo mama yake naye alizaliwa humo, na bibi yake kabla yake. Ndivyo mambo yalivyo kisiwani Nzwani: nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huja na sanduku lake la nguo, akaoa, akaishi, na siku mambo yakiharibika huondoka na sanduku lile lile. Nyumba haiendi popote.

Nyumba yao ilikuwa ndani kabisa ya mji wa kale, mahali ambapo vichochoro vimebanana hata watu wawili wakikutana mmoja hana budi kugeuka ubavu. Jua halikuingia ila saa sita mchana, tena kwa muda mfupi. Lakini ukumbi wa ndani ulikuwa na ukuta mmoja wa chokaa uliojaa mashubaka, safu juu ya safu, kila shubaka na tao lake, na pembeni mwa kila tao maua madogo yaliyochongwa na fundi ambaye jina lake hakuna aliyelikumbuka tena. Humo vilikaa vikombe, chupa za marashi, na misahafu iliyofunikwa vitambaa. Hayati alipokuwa mdogo alikuwa akilala chali mkekani baada ya chakula cha mchana, akiutazama ukuta ule mpaka usingizi umchukue, na mara nyingi hakujua ni saa ngapi aliacha kutazama na ni saa ngapi alianza kuota.

Baba yake, Idarousse, alisomesha watoto Kurani asubuhi, na mchana alitengeneza vitabu vilivyochakaa. Watu walimletea vitabu vya dua na vya fikihi ambavyo mgongo umeachana na kurasa, naye akivirudisha kwenye hali yake kwa tepe za karatasi. Alizikata kwa wembe juu ya kibao, nyembamba, zilizonyooka, akazipaka gundi aliyoipika mwenyewe: wanga wa muhogo, maji yaliyochemshwa kwa karafuu, na kipande cha shabu kilichosagwa. Hayati ndiye aliyekoroga. Baba alimfundisha kwamba gundi ikipikwa kwa moto mkali huwa na madonge, na kwamba utepe usivutwe bali ulazwe, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Vipande vilivyobaki vilikuwa vyake. Akavibandika juu ya kopo tupu la maziwa, juu ya kioo chenye ufa, juu ya kifuniko cha sanduku la mama yake, na mama huyo, Mama Bahia, akinung'unika kwamba nyumba sasa imeota magamba.

Idarousse alifariki Hayati akiwa na miaka kumi na mitano. Wembe na kibao vikabaki kwa binti.

Alipotimiza miaka kumi na minane aliolewa na Housseini, kijana wa posta, mwenye kazi ya kupokea na kupeleka simu za maandishi kwa mtambo. Housseini alikuwa mtu mkimya. Kutwa nzima aliyasikiliza maneno ya watu wengine, fulani amefika salama, fulani amezaa, fulani tumuombee, na akirudi nyumbani alikuwa kama mtungi uliojaa pomoni, hataki kuongezwa wala kumwagwa. Hayati aliuzoea ukimya huo, kisha akaupenda. Mimba aliyoipata mwaka wa pili ilitoka, na haikuja nyingine. Walilinyamazia jambo hilo wote wawili, kila mmoja kwa njia yake.

Wakaishi hivyo miaka saba. Kisha makao ya serikali ya visiwa yakawa yanahamishwa kutoka Dzaoudzi kwenda Moroni, kisiwani Ngazija, ofisi za Moroni zikahitaji watu, na barua ikaja kwamba Housseini anahamishiwa huko.

Kila mtu alijua lililopaswa kufanyika. Mume angekwenda, mke angebaki nyumbani kwake, na Housseini angekuja kila apatapo likizo. Mama Bahia alilisema hilo kama jambo lisilo na mjadala, huku akichambua mchele. Lakini Hayati alikuwa amewaona wanawake wa mtaani ambao waume zao walikwenda Ngazija kwa mwaka mmoja, na mwaka ukazaa mwaka, na mume akazaa na mke mwingine. Akamwambia mama yake kwamba atafuatana na Housseini.

Mama Bahia hakuinua macho kwenye ungo. "Nyumba haimfuati mume, mwanangu," alisema. "Ukitoka humu hutakuwa na nyumba. Utakuwa na chumba."

Hayati aliyakumbuka maneno hayo ndani ya meli, akayakumbuka tena Moroni alipoonyeshwa chumba chenyewe.

Walipanga kwa mjane mmoja aitwaye Echat, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuwa na nyumba ya ghorofa moja katika mji wa kale nyuma ya msikiti wa Ijumaa. Mji ule ulijengwa kwa mawe meusi ya volkeno. Hata ukipakwa chokaa, weusi ulijitokeza mvua zikinyesha. Chumba chao kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, kitanda, meza, na ukuta mpana mtupu uliopakwa chokaa upya kwa ajili yao. Housseini alikwenda kazini alfajiri na kurudi jioni. Hayati alibaki na ukuta.

Jambo ambalo hakulitarajia ni lugha. Kingazija na Kinzwani ni ndugu, lakini ni ndugu waliolelewa mbalimbali. Alikwenda sokoni akaomba kitu, muuzaji akampa kingine. Akisalimia, wanawake walitazamana wakitabasamu. Hawakuwa na ubaya. Ila mtu akichekwa mara tatu kwa siku, siku ya nne huonyesha kwa kidole, na siku ya tano hatoki. Ikawa Hayati hatoki. Mama Echat alimletea ndizi za kuchemsha na samaki, akaweka mezani, akauliza kama kuna kinachopungua, akaambiwa hakuna, akaondoka.

Mwezi wa tatu akashikwa na homa. Alilala siku sita akitetemeka, na mchana wa siku ya nne, jua lilipopita juu ya paa la jirani na mwanga ukaingia chumbani kwa mshazari, aliyaona mashubaka ya kwao kwenye ukuta ule mtupu. Hakushtuka. Yalikuwapo tu, matao na maua yake, mepesi kama kivuli cha pazia, na ndani ya shubaka moja alikiona kikombe cha baba yake chenye mstari wa kijani. Alikitazama kwa muda mrefu. Alijua ni homa, na akawa anaiomba homa isiondoke bado.

Iliondoka. Ukuta ukawa ukuta.

Siku alipoweza kusimama alimwuliza Housseini kama kule ofisini hakuna karatasi za kutupwa. Housseini alifikiri kidogo, akasema kuna roli za tepe nyembamba za mtambo wa simu, nyeupe, upana wa kidole, ambazo ziliingiwa na unyevu zikafura na hazipiti tena kwenye mashine. Kesho yake akamwomba mkubwa wake, akapewa, akarudi nazo nne kwenye kikapu. Hakuuliza za nini. Hayati alizishika moja moja. Tangu baba yake afe hakuwahi kuona utepe ulionyooka namna ile.

Akapika gundi kwenye jiko la mkaa, uani, kwa moto mdogo. Tepe nyingine aliziacha nyeupe. Nyingine alizitia katika maji ya manjano, nyingine katika buluu ya kufulia nguo, akazianika kwenye kamba chumbani, na kwa siku mbili yeye na mumewe walipita wakiinama chini ya tepe zilizoning'inia. Kisha akaanza. Alichora kwa mkaa kwanza, kidogo sana, akalaza utepe juu ya mstari. Tao lilimsumbua; utepe haupendi kupinda. Akakumbuka kuukata mikato midogo ukingoni, kama meno ya kitana, na ukainama. Kwa kivuli cha ndani ya shubaka alibandika tepe za buluu zikigusana, na kwa maua alikunja za manjano mara nne kisha akazikata kwa mkasi wa kucha.

Kazi hiyo ilimchukua mchana wa wiki nyingi. Zilikuwa saa za namna ya pekee, sauti za mtaani zikifika kwake kutoka mbali, na mkono ukijua la kufanya kabla yake. Mara nyingine aligundua kwamba muda mrefu umepita na kwamba alikuwa anazungumza na mtu, pengine baba, pengine yule mtoto asiyezaliwa, kwa sauti ndogo. Housseini alikuwa akirudi jioni, anakaa kitandani kuelekea ukuta, anakula akiutazama. Siku shubaka la saba lilipokamilika alisimama, akaegemeza kiganja chake ndani yake, pale pa buluu, kana kwamba anataka kuweka kitu. Kiganja kikagusa ukuta mkavu. Akacheka, na Hayati alikuwa hajamsikia akicheka tangu Nzwani.

Lakini mtaa una macho. Mwanamke mmoja aliyepita uani aliona kupitia mlango ulioachwa wazi mgeni yule amesimama juu ya kiti, anabandika karatasi za rangi ukutani huku midomo ikicheza. Habari ilipofika kisimani ilikuwa imeongezeka: mke wa mtu wa posta anabandika hirizi, na karatasi zenyewe zina maandishi upande wa ndani. Mama Echat aliisikia kutoka kwa watu watatu siku moja. Hakupiga kelele. Alipanda ngazi, akabisha hodi, akaingia, akautazama ukuta kwa muda, akashuka. Kisha akamwendea Fundi Mouzaoir. Kule Ngazija fundi ni mwalimu wa dini, na Mouzaoir alikuwa ndiye mwenye kusikilizwa katika mtaa ule.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, Housseini akiwapo. Alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi, na alisoma kwa kuyaleta maandishi karibu sana na pua. Hayati alijifunika shiromani lake, kitambaa chekundu cha wanawake wa kwao, akasimama pembeni ya kitanda. Mama Echat alibaki mlangoni.

Fundi aliusogelea ukuta kama anavyousogelea ukurasa. Alifuata tao moja kwa kidole, akaenda la pili, akainama kwenye safu ya chini. Akaomba ruhusa, akauinua utepe mmoja kwa ukucha mwishoni mwake, akauchungulia kwa nyuma. Ulikuwa mtupu. Akaulaza tena, akaukandamiza kwa kidole gumba. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea. Alitaka kujua ukuta huu una muda gani.

Housseini akajibu kwamba safu ya kwanza ina miezi miwili.

"Na mende hawajaugusa," fundi alisema. Akamgeukia Hayati, macho yakiwa chini kwa heshima. "Binti yangu, mende wa msikiti wetu wamekula mpaka dua za Ramadhani. Gundi hii umeitoa wapi?"

Hayati alimwambia: wanga wa muhogo, karafuu, shabu, moto mdogo. Alimwambia kuhusu baba yake na vitabu. Kinzwani chake kilimtoka chote kwa mkupuo, na aliposhtuka kwamba huenda haeleweki aliona yule mzee anaitikia kwa kichwa kila neno, kwa maana katika ujana wake alikuwa amesoma Mutsamudu miaka minne.

Jumapili vitabu vitatu vikaja, vimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Hayati alitia udhu kabla ya kuvigusa. Alivifungua juu ya kibao cha baba yake, akakuta migongo imelika, kurasa zimeachana, mashimo ya wadudu yamepita moja kwa moja kutoka jalada hadi jalada. Alifanya kazi polepole. Aliziba mashimo kwa vipande vyembamba ambavyo maandishi yaliweza kuonekana chini yake, akashona na kulaza tepe mgongoni, na kwa kuwa tepe nyeupe zingeng'ara mno kwenye karatasi ya zamani, alizitia kwanza katika maji ya kahawa. Vitabu viliporudi msikitini vilikuja vingine sita, kisha vya msikiti wa mtaa wa pili, kisha vya nyumbani mwa watu: vitabu vya maulidi, orodha za nasaba zilizoandikwa na mababu, barua za Zanzibar ambazo mikunjo yake ilikuwa imekatika. Waliovileta hawakuja mikono mitupu. Waliacha mkungu wa ndizi, kuku, chupa ya mafuta ya mlangilangi. Fundi Mouzaoir alitangaza barazani kwamba kazi ya mwanamke yule ni ibada, na tangu siku hiyo ile habari ya hirizi haikusikika tena. Wale waliokuwa wameieneza ndio waliokuwa wa kwanza kuleta vitabu vyao.

Mama Echat hakuomba radhi. Haikuwa tabia yake. Siku moja alipanda na kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na dirisha, akakaa, akamtaka Hayati amwonyeshe namna ya kupindisha utepe. Vidole vyake vilikuwa vigumu. Walikaa hivyo adhuhuri mpaka alasiri, na kila Hayati alipotaja kitu kwa Kinzwani, mjane alikitaja kwa Kingazija, mara moja tu, bila kucheka. Lugha ya Moroni Hayati aliipata hivyo, neno kwa neno, mkasi mkononi.

Mwaka wa tatu binti wa Mama Echat, Ramlati, aliingia katika arusi kubwa, ile ambayo familia za Ngazija hujiwekea akiba miaka mingi. Mama akataka chumba cha bibi arusi kipambwe kwa tepe. Hazikutosha za posta, ikabidi wanawake wa mtaa walete walichonacho: karatasi za pakiti za chai, karatasi za fedha za sigara, chapa za rangi zinazobandikwa kwenye majora ya vitambaa, karatasi za sabuni zenye harufu. Kwa siku kumi chumba kilijaa wanawake waliokaa chini, miguu wameinyoosha, wakikata. Mazungumzo yalikuwa yanakuja na kuondoka. Kuna nyakati ilisikika mikasi tu, na mvua kwenye bati la jirani. Hayati alipita katikati yao akinyoosha utepe huu, akigeuza ule. Ramlati alipoingizwa chumbani siku yenyewe, kuta zilikuwa zimevaa mashada, mitende, nyota na ndege ambao hakuna aliyewahi kuwaona, na karatasi za fedha zikawa zinaokota mwanga wa mshumaa na kuurusha darini. Bibi arusi, aliyefundishwa kutotabasamu, alitabasamu.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya kiangazi, Housseini alirudi nyumbani saa nne. Hakuwahi kurudi saa nne. Mkononi alikuwa na karatasi ya simu ya maandishi, iliyobandikwa tepe zenye maneno, na yeye ndiye aliyeipokea, yeye ndiye aliyezikata tepe hizo na kuzibandika mstari kwa mstari, kwa kuwa kanuni ilimtaka afanye hivyo hata ujumbe ukiwa wa kwake. Hayati aliona kwanza kwamba zimebandikwa kombo. Mtu yule hakuwahi kubandika kombo. Ndipo akasoma kwamba mama yake ni mgonjwa na anamwulizia.

Meli ilikuwa ya wiki ijayo. Housseini akamkatia nafasi kwenye ndege ndogo iliyokuwa ikitua Ouani, karibu na Mutsamudu. Hayati alipanda akiwa ameshika kisanduku alichokipamba kwa tepe za manjano, zawadi ya mama, na kwa nusu ya safari alifumba macho. Alipoyafumbua, kisiwa cha Nzwani kilikuwa chini yake chote kwa pamoja, kijani, na pembezoni mwake povu la mawimbi limekizunguka bila kukatika. Hakupata woga tena. Aliweka paji la uso kwenye kioo, na ikawa kama ile alasiri ya homa, isipokuwa safari hii alichokiona kilikuwapo kweli.

Mama Bahia alikuwa amelazwa kwenye ukumbi wa ndani, uso kuelekea mashubaka. Macho yake yalikuwa yametandwa na ukungu. Alikipapasa kisanduku kwa vidole, kona kwa kona, akafuata kila utepe mpaka mwisho wake, kisha akakiweka juu ya kifua.

"Watu wanaotoka Moroni wananiambia umeijenga nyumba yangu huko kwa karatasi," alisema.

"Si nyumba, mama. Ukuta mmoja."

"Umeweka mashubaka mangapi?"

Hayati akasema kumi na moja.

"Hapa yako kumi na matatu," mama alisema.

Hayati aliinuka akayahesabu. Kweli, nyuma ya pazia la kitanda kikubwa, upande ambao tangu utotoni hakuwa akiuona alipolala mkekani, palikuwa na mengine mawili madogo, karibu na sakafu. Mama alimweleza kwamba huko ndiko wanawake wa nyumba hii walikoweka taa na maji wakati wa kujifungua, na kwamba Hayati mwenyewe alipozaliwa, kitu cha kwanza kumulikia uso wake kilikuwa taa ya shubaka lile la kushoto. Hayati alichuchumaa pale akautia mkono ndani. Chokaa ilikuwa baridi, na kingo zake zilikuwa zimelainika kwa mikono ya watu waliotangulia.

Alimuuguza mama yake miezi mitatu. Kuhusu siku ile ya ungo na mchele hawakusema kitu. Ila alasiri moja Mama Bahia, akidhaniwa amelala, alisema kwamba yeye mwenyewe aliwahi kutaka kumfuata Idarousse alipokwenda kusoma Zanzibar, akakatazwa na mama yake, na kwamba miaka ile mitatu alilichukia kila jiwe la nyumba hii. Kisha akaomba maji. Alifariki mwanzo wa mvua, kwa upole.

Housseini alikuja kwa ajili ya hitima ya arubaini. Watu walipoondoka walikaa ukumbini, wao wawili, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyeanza kusema. Alimwuliza anataka nini. Hayati akajibu kwamba aliwahi kuogopa kumwacha aende peke yake, na hofu hiyo ndiyo iliyompeleka Moroni, lakini sasa haioni tena ndani yake, anaitafuta haipo. Anataka kubaki. Housseini aliitikia kwa kichwa. Akarudi Ngazija, akaandika barua ya kuomba uhamisho, akakataliwa, akaandika nyingine. Ilichukua miaka miwili na miezi kadhaa, na katika muda huo alituma barua kila meli, ndefu, zenye maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema mdomoni, mpaka Hayati akawa anacheka peke yake kwa kugundua kwamba ameolewa na mtu msemaji.

Aliporudi kufanya kazi posta ya Mutsamudu, alimkuta mkewe na wanawake wanne au watano ukumbini kila alasiri. Mmoja wao alikuwa Djaouharia, mke wa kuli wa bandarini, mwanamke kijana mwenye mapacha, aliyekuja kwanza kwa sababu ya kivuli na ubaridi wa nyumba ile. Mkono wake haukuwa mwangalifu. Tepe zake zilikwenda upande, gundi ilimchirizika mpaka kiwikoni, na Hayati, ambaye alikuwa amerithi subira ya baba yake, alimwelekeza mara kwa mara alaze, asivute.

Siku moja Djaouharia alichoka kulaza. Alichukua utepe mrefu wa buluu, akaupitisha juu ya makali ya mkasi kwa nguvu, ukajikunja kama unyoya wa jogoo. Akaukunja wa pili, wa manjano, kisha wa tatu. Akazifunga pamoja kwa uzi, akapanda juu ya kiti, akazining'iniza kwenye boriti katikati ya chumba, mbali na ukuta wowote. Wanawake wengine walimtazama Hayati wasikie atasema nini.

Hayati aliweka wembe chini. Tangu akiwa mtoto alikuwa amebandika utepe juu ya kitu: kitabu, kopo, ukuta. Haikuwahi kumpitikia kwamba unaweza kuachwa usishike popote. Upepo mdogo uliingia kutoka kichochoroni, na zile tepe zikageuka taratibu, buluu ikafuata manjano, zikasimama kidogo, zikarudi zilikotoka. Akamwambia Djaouharia akunje nyingine, nyingi kadiri awezavyo, akamsogezea kikapu chote.